Nataka kununua chombo cha kuruka cha mtu mmoja, niko Texas. Nishaurini kabla sijalipa

Mwana_wa_Kibaha: Wakuu, habari za jioni. Tangu utotoni natamani kuruka. Nimefuatilia sana hivi vyombo vya umeme vya mtu mmoja: Jetson One, asili yake Sweden, na Helix ya kampuni ya Pivotal ya California. Sheria ya hapa Marekani haidai leseni kwa vyombo vya aina hiyo. Helix ilipoanza kuuzwa mwaka 2024 bei ilianzia dola 190,000. Nina akiba kiasi, na nafikiria kuuza kiwanja cha nyumbani nijazie. Rafiki yangu ana ranchi, nafasi ya kurukia ipo. Mke wangu hataki hata kusikia. Mnaojua haya mambo, karibuni.

Rubani_Mstaafu: Mkuu, isome kwanza hiyo sheria yote. Ni kanuni ya 103 ya usafiri wa anga, ipo tangu 1982. Chombo kiwe cha mtu mmoja, uzito wake kikiwa kitupu usifike pauni 254, yaani kama kilo 115, na spidi isizidi kilomita 102 hivi kwa saa. Unaruka mchana, kwa starehe tu, na hupiti juu ya mji wala mkusanyiko wa watu. Kazini huendi nacho. Na kutodaiwa leseni hakukuondolei haja ya kufundishwa. Upepo haukuulizi karatasi.

Bint_Mrima: Kiwanja usiuze, kaka yangu. Jetson inakaa hewani kama dakika 20, kisha unarudi kuchaji. Na uwe mwangalifu sana na malipo ya awali. Wapo waliotoa fedha wakisubiri Skycar, gari la kupaa la mvumbuzi Paul Moller, California huko huko, miaka nenda miaka rudi. Mwaka 2003 tume ya masoko ya hisa ya Marekani ikamfungulia shauri kwa maelezo ya kupotosha aliyowapa wanunuzi wa hisa. Ile Skycar yenyewe ilijaribiwa ikiwa imefungwa kamba. Sisemi hawa wa sasa ni hivyo, vyombo vyao vinaruka kweli. Ila dai mkataba unaoeleza lini unarudishiwa fedha yako.

Kijana_wa_Ilala: Kwa nini usisubiri gari kamili la kupaa? AirCar ya Slovakia iliruka kutoka Nitra hadi Bratislava Juni 2021, dakika 35, na Januari 2022 ikapewa cheti.

Rubani_Mstaafu: Hiyo inataka leseni ya urubani na njia ya kurukia ndege. Ni habari nyingine kabisa.

Fundi_Paramota: Nashangaa hakuna aliyeuliza. Ndugu, una kilo ngapi?

Mwana_wa_Kibaha: 104.

Fundi_Paramota: Basi Jetson inabeba mtu asiyezidi kilo 95, Helix kama 100. Ungelipa ukakiangalia kwa macho. Njoo kwenye paramota: bawa la kitambaa, injini mgongoni, nayo iko chini ya kanuni hiyo hiyo. Seti mpya ni kama dola 10,000 hadi 15,000, na mabawa yapo ya kila uzito. Hatari zake ni za wazi. Watu hukatwa mikono na propela wakati wa kuwasha injini, na wengine huzama wakiangukia maji huku wamefungwa mikanda. Kaa mbali na ziwa, ruka asubuhi na mapema au jioni upepo ukitulia. Tafuta mwalimu mwenye cheti cha USPPA, chama cha waruka paramota wa Marekani, kabla hujanunua hata helmeti, yeye ndiye atakupimia bawa.

Bint_Mrima: Na piga simu bima ya maisha. Nyingi hazilipi mtu akifia kwenye kuruka kwa starehe. Nadhani hilo ndilo linalomkosesha shemeji usingizi.

Mwana_wa_Kibaha: Ni kweli, alilitaja hilo la watoto nikalipita. Kiwanja hakiuzwi. Bima naipigia Jumatatu yeye akiwepo, halafu ndipo nimtafute mwalimu. Fundi, kama unamjua mmoja upande wa Houston nitumie ujumbe.