Mjadala: Shilingi ya mwaka 1963 ilikuwa imara, lakini maisha yalikuwa nafuu kwa nani?

Ndugu zangu, kila inapokaribia Desemba 9 huanza kuzunguka tena orodha ile ile ya bei za zamani. Sukari senti kadhaa, mkate senti kadhaa, nauli ya basi senti kadhaa, na chini yake watu wanauliza nani aliyeturoga. Juzi imenifikia mara tatu kwa siku moja. Mara ya tatu ilitoka kwa mwanangu aliye chuoni, akitaka kujua kama ni kweli wakati wa Uhuru mtu alikula, akavaa, akaingia sinema na chenji ikabaki. Nilimjibu kwa kirefu, na jibu hilo nalileta hapa mlipinge au mliongezee. Mimi nasema hivi: mwanzoni mwa miaka ya sitini shilingi ilikuwa imara, lakini maisha hayakuwa nafuu. Hayo ni mambo mawili, na tumeyafanya moja.

Nianze na shilingi, maana hapo wanaoililia wana haki yao. Hadi mwaka 1966 hatukuwa na shilingi yetu wenyewe. Tulitumia ya Afrika Mashariki, iliyotolewa na Bodi ya Sarafu, na ndiyo hiyo hiyo iliyotumika Mombasa, Kampala, Unguja na hata Aden. Shilingi 20 zilikuwa pauni moja ya Uingereza; dola ya Marekani ilikuwa shilingi 7 na senti 14 hivi. Bodi haikuwepo ili kuchapa noti za kuziba pengo la bajeti ya serikali. Kwa sehemu kubwa noti zake zilitegemea akiba ya pauni iliyokaa London, ndiyo maana bei za dukani zilitembea polepole. Bibi yangu, aliyekuwa akiuza vitumbua, alizitunga senti kumi zile zenye tundu kwenye uzi na kuuweka uzi ndani ya kopo. Alijua kwamba uzi ule mwakani utanunua karibu vitu vile vile. Leo mama ntilie hawezi kuwa na hakika hiyo, na ni hasara kubwa. Siibezi hata kidogo.

Lakini tazameni orodha zenyewe. Zina safu moja tu, ya bei. Safu ya mapato haimo.

Kuanzia Januari 1963 kima cha chini cha mshahara Dar es Salaam kilikuwa shilingi 150 kwa mwezi, na hiyo ilikuwa nyongeza ya maana. Igawe kwa siku 26 za kazi: haifiki shilingi 6 kwa siku. Kwa saa nane za kazi, ni kama senti 72 kwa saa. Hapo zile "senti kadhaa" zinaacha kuchekesha.

Nitoe mfano unaonipinga mimi mwenyewe, ili nisionekane nachagua. Gazeti la Ngurumo liliuzwa senti 10. Mtu wa kima cha chini alilifanyia kazi dakika nane tu. Leo kima cha chini cha mtumishi wa umma ni shilingi 500,000, na ukipiga hesabu ile ile, gazeti la shilingi 1,000 linamtaka afanye kazi dakika 25. Kwa hiyo gazeti lilikuwa rahisi kuliko sasa, nakubali. Aliyekuwa adimu ni msomaji. Wengi wa watu wazima hawakujua kusoma, kwa hiyo nakala moja ilifika barazani, mmoja akasoma kwa sauti na kumi wakasikiliza. Redio vilevile: Sauti ya Cairo, Sauti ya Unguja, au TBC ya wakati huo, yaani Tanganyika Broadcasting Corporation, zilisikilizwa mbele ya hoteli au duka la mwenye nayo. Watu walisimama nje mpaka taarifa ya habari iishe.

Na huyo mwenye shilingi 150 alikuwa mtu mwenye bahati. Nchi ilikuwa na watu kama milioni 10, na walioajiriwa kwa mshahara mwaka 1961 walikuwa karibu 400,000 tu. Kufika mwaka 1963 walikuwa wameshuka hadi karibu 340,000. Mshahara ulipopanda, waajiri wengi, hasa wa mashamba ya mkonge, walipunguza watu. Babu yangu alikuwa mkata mkonge upande wa Korogwe. Alianza kazi wakati wa kipande, ile kadi yenye nafasi 30, kila siku uliyomaliza kazi yako inatiwa alama, na fedha huzioni mpaka kadi ijae. Ukiumwa, kadi inalala. Wakati huo Tanganyika ilikuwa ya kwanza duniani kwa mkonge, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Waliokata tani hizo walikuwa wakikopa unga kwa daftari la duka.

Kama maisha yalikuwa nafuu, kwa nini migomo ilikuwa mingi hata mwaka 1962 ikatungwa sheria ya kuibana? Na kwa nini Januari 1964 askari wa Colito, Lugalo ya leo, waliasi usiku wa kuamkia tarehe 20? Walikuwa na madai mawili: maofisa Waingereza waondoke, na mshahara upande. Askari wa cheo cha chini alikuwa akilipwa shilingi 105, wakataka 260. Siku tatu baadaye ikawa Jinja, Uganda, na kesho yake Lanet, Kenya. Nchi tatu zenye shilingi moja, ndani ya wiki moja, na kote askari wanalalamikia mshahara. Watu hawashiki bunduki kwa sababu chenji imebaki.

Nimesahau kodi ya kichwa. Ililipwa kwa kuwa wewe ni mwanamume mzima, uwe umeuza pamba au hukuuza, na haikuondolewa mpaka mwaka 1969. Orodha za bei haziitaji.

Karibuni.

Jibu la kwanza, kutoka Magomeni

Mwanangu, umeandika vizuri, lakini mimi ndiye yule mtu wa shilingi 150, kwa hiyo nisikilize. Mwaka 1963 nilikuwa na miaka 19, tarishi wa ofisi mjini, tumepanga chumba kimoja watu watatu katika nyumba ya vyumba sita. Hesabu yako ya saa na dakika ni sahihi, ila maisha hatukuyapima kwa saa. Tuliyapima kwa kuuliza: mwisho wa mwezi unadaiwa au hudaiwi? Na mimi, kijana nisiye na mke, sikudaiwa.

Halafu starehe umeipita kimya, na ndiyo iliyotufanya tuone tunaishi. Jumamosi kulikuwa na dansi ukumbi wa Arnautoglu. Kulikuwa na Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, na Cuban Marimba ya Salum Abdallah ikija kutoka Morogoro watu wanajaa hadi barabarani. Wapenzi wa taarabu walikuwa na Egyptian na Alwatan, na ole wako ukiipenda moja mbele ya wapenzi wa nyingine. Jumapili mpira Ilala, Sunderland (Simba ya leo) na Young Africans. Sinema za Kihindi tuliingia viti vya mbele, lugha hatuijui, na nyimbo tunaziimba mwezi mzima. Asiye na kiingilio alisimama dirishani akacheza huko huko nje, hakufukuzwa. Shati lilikuwa moja, linafuliwa Ijumaa na kupigwa pasi ya mkaa, na msichana unayemtaka naye anajua ni lile lile. Leo mjukuu wangu anapata mshahara ambao sikuwahi kuuota, na tarehe 10 ananiomba nauli. Kwa hiyo nafuu ilikuwepo. Usituondolee kwa kikokotoo.

Jibu la pili, kutoka Dodoma

Shikamoo mzee wa Magomeni. Nakuheshimu, lakini wewe na mleta mada nyote mnazungumzia watu wenye mshahara, na tena wanaume. Mama yangu hakuwahi kushika mshahara maisha yake yote. Mwaka 1961 mvua zilikatika huku, watu wakala mizizi, chakula cha msaada kikatoka Marekani. Kisha mwisho wa mwaka ule ule mvua zikaja kwa fujo, za mafuriko, Afrika Mashariki nzima. Uhuru ulitukuta tunangoja mgao.

Na hiyo "bei imara" sisi hatukuiona. Bei ya dukani ilikuwa imara kwa kitambaa na mafuta ya taa. Bei ya debe la mahindi haikuwa imara. Mama aliuza wakati wa mavuno, wakati kila mtu anauza, kwa sababu kodi ya baba inadaiwa na watoto wanatakiwa ada. Mwezi wa kwanza akarudi dukani kununua mahindi, huenda ni yale yale aliyoyauza, kwa bei ya juu zaidi. Shilingi ilikuwa ni ile ile. Debe ndilo lililobadilika. Andikeni na hilo kwenye orodha zenu.

Jibu la tatu

Kama fedha ilikuwa imara chini ya Mwingereza na ikaharibika tulipoishika wenyewe, si mkubali tu kwamba tuliharakisha?

Mleta mada anarudi

Nianze na wa mwisho, kwa sababu jibu lake limeniudhi na sitaki liachwe hivi hivi. Ile akiba iliyoishikilia shilingi ilikaa London, imewekezwa kule. Nchi ambayo Mwalimu mwenyewe alisema ilianza ikiwa na wahandisi wawili na madaktari 12 ilikuwa imeweka fedha zake zifanye kazi Uingereza, ili noti mkononi mwa karani iwe imara. Uimara huo ulikuwa na gharama, na gharama yake ni shule zisizojengwa. Unaweza kusema baadaye tulikosea katika kuchapa noti na kupanga bei, na mimi nitakuunga mkono, nilipanga foleni za sabuni miaka ya themanini nikiwa mtoto. Lakini hilo halimgeuzi mkoloni kuwa mlezi mwema.

Mzee wangu wa Magomeni, shikamoo. Hapo pa deni umenishinda. Sikulifikiria, na ni kipimo kizuri kuliko changu cha dakika. Mtu asiyedaiwa mwisho wa mwezi ana nafuu, hata akiwa na shati moja. Nakuomba tu ukumbuke ulivyosema mwenyewe: "kijana nisiye na mke". Jirani yako mwenye watoto wanne, kwa shilingi zile zile 150, naye alimaliza mwezi bila kudaiwa? Nauliza kwa nia ya kujua, kwa sababu wewe uliishi naye na mimi nasoma tu. Kuhusu starehe sina ubishi. Ukumbi ule watu walikuwa wakiugawana, hata wa dirishani. Sasa kila mtu ana muziki wake sikioni.

Dada wa Dodoma, wewe umebadilisha maneno yangu. Niliandika kwamba shilingi ilikuwa imara. Kuanzia leo nitasema ilikuwa imara dukani, mjini. Mkulima anayeuza Juni na kununua Januari ana mfumuko wake wa bei kila mwaka, hata kama Bodi ya Sarafu haikuchapa noti moja ya ziada. Nimempigia mama yangu simu baada ya kukusoma, naye akaniambia kwamba bibi aliacha kuuza vitumbua miezi ya Januari na Februari, kwa sababu mchele ulikuwa haushikiki. Uzi wa senti kumi ulikuwa unafunguliwa miezi hiyo. Miaka yote nimehadithia habari za kopo lile, na sehemu hiyo sikuijua.

Ombi langu kwa wengine: orodha hizi za bei tunazotumiana hazina mwandishi wala mahali. Maduka yale yalikuwa na madaftari ya mikopo, na najua familia nyingine bado zinayo, ndani ya masanduku ya bati. Mwenye nalo atuwekee ukurasa mmoja tu wa mwaka 1962 au 1963, afunike majina ya waliokopa. Tuone kibaba cha unga kilikuwa bei gani, na tuone deni lililipwa baada ya siku ngapi. Mimi nitaleta kadi ya kipande ya babu. Ina nafasi 30, zilizotiwa alama ni 22.