Je, mtihani wa Baiolojia wa Kidato cha Sita uendelee kudai mnyama apasuliwe?

Mwalimu wa Zamu
Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo hili kabla mitihani ya Mei haijatukuta. Kila mwaka maelekezo ya maandalizi ya mtihani wa vitendo yakishafika shuleni, sisi walimu wa Baiolojia tunageuka wawindaji: vijana wa mtaani wanaahidiwa chochote kwa kila panya aliye hai, vyura wanasakwa kwenye majaruba ya mpunga, na mtaalamu wa maabara halali kwa hofu kwamba klorofomu haitatosha. Siku yenyewe mtahiniwa anambana mnyama kwa pini kwenye trei yenye nta, anafungua tumbo, anatandaza utumbo upande mmoja, kisha anachora. Na aliyeangukiwa na panya mdogo au kisu butu ameumia kabla hajaanza. Napendekeza upasuaji ubaki darasani kama sehemu ya kujifunza, lakini kwenye mtihani wa taifa watahiniwa wapewe picha na vielelezo vilivyohifadhiwa. Tena hawa wa tahasusi ya CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia), ambao wengi wao hawatashika kisu cha upasuaji maisha yao yote, sioni kwa nini tuwasumbue.

Binti wa Mwaloni
Shikamoo Mwalimu. Nimeusoma ujumbe wako wote, ila nimekwama kwenye sentensi ya mwisho. Mimi ni zao la CBG na kazi yangu ni ya uvuvi, Ziwa Victoria. Sangara akiletwa mwaloni ninampima urefu na uzito, ninampasua kuanzia tundu la haja kuelekea kwenye matamvua, ninaangalia kama mayai yamekomaa, kisha ninafungua tumbo kuona alichokula: dagaa, uduvi, au watoto wa sangara wenzake. Kisu unachosema sitakishika, leo asubuhi nilikuwa nacho mkononi.

Daktari Mtarajiwa
Dada, hongera kwa kazi, lakini kupasua samaki hata mama lishe anapasua. Tuseme ukweli usiopendeza: CBG ni makimbilio ya walioshindwa Fizikia, na Mwalimu amelisema kwa upole jambo ambalo shule nzima hulisema kwa sauti.

Binti wa Mwaloni
Sikukimbia kitu. Nilipangiwa shule ambayo haikuwa na mwalimu wa Fizikia, kama wanavyopangiwa wengi, na hesabu za BAM, yaani somo la hisabati ya msingi, tulizifanya sawasawa na nyinyi. Mama lishe unayemdharau humtambua samaki aliyelala kwa kutazama matamvua tu. Wewe ungehitaji kufunuliwa kitabu.

Mzee wa Maabara
Wanangu, nimeziandaa trei hizo tangu baadhi yenu hamjazaliwa, na naomba nilete jambo moja ambalo naona limesahaulika. Wanaoongoza kumchorea panya mfuko wa nyongo ni hao hao wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) wanaojiona madaktari. Panya hana mfuko wa nyongo. Nyongo yake inatoka kwenye ini na kuingia moja kwa moja kwenye utumbo mwembamba kwa mrija. Mtahiniwa anayeuchora hakumtazama aliyelala mbele yake, bali amekariri picha ya binadamu. Ukimpa picha iliyokwisha kuchorwa na mtu mwingine, utamkamatia wapi? Kwa sababu hiyo mimi nasema panya abaki mtihanini, kwa PCB, kwa CBG na kwa yeyote aliyejiandikisha kwa somo hili.

Daktari Mtarajiwa
Mzee, kwa heshima zote, makosa ya watahiniwa wachache hayawezi kuihukumu tahasusi nzima. Ukiondoa Fizikia, utaelezaje shinikizo la damu, lenzi ya jicho, au namna taarifa inavyosafiri kwenye neva kwa tofauti ya chaji ndani na nje ya utando? Si bure kwamba shahada ya udaktari inaidai Fizikia na haiidai Jiografia.

Binti wa Mwaloni
Na kipindupindu kikilipuka mtaani mtakitafuta kwa lenzi ya jicho? Mtauliza maji yanatoka wapi, choo kiko wapi na mvua ilinyesha lini.

Mpenda Viumbe
Nasikitika kwamba anabishaniwa kila mtu isipokuwa panya mwenyewe. India walikwisha kuachana na mambo haya mwaka 2014, sisi bado tunanunua roho kwa shilingi. Panya hao hao ndio waliofundishwa Morogoro kunusa mabomu ya kutegwa ardhini, na mmoja wao alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020.

Mzee wa Maabara
Mama, wale wa Morogoro ni panya buku, si panya wa darini. Anayejaribu kumbana panya buku kwenye trei yetu aanze kwa kuaga familia yake. Na agizo la India lilihusu vyuo vikuu. Hapa tunazungumzia Kidato cha Sita.

Mkuu Mstaafu
Mimi naona tatizo ni maandalizi. Mwalimu anayewinda panya wiki ya mtihani alilala tangu Januari. Shuleni kwangu tulifuga panya weupe kwenye vizimba nyuma ya maabara. Jike hubeba mimba kwa takribani wiki 3 na huzaa watoto wengi kwa mkupuo. Ukianza na majike machache mwanzoni mwa mwaka, ifikapo Mei una panya wa umri mmoja na ukubwa unaokaribiana, na lile lalamiko la panya mdogo linakwisha.

Mwalimu wa Zamu
Mzee wangu, neno "alilala" limenichoma. Nafundisha vidato vinne, maabara ni moja na tunaitumia kwa zamu na wenzetu wa Kemia. Nani atawalisha panya hao siku za likizo, na kwa pumba ya nani? Tangu ada ya Kidato cha Tano na Sita ilipofutwa mwaka 2022, ukimwomba mzazi mchango wa vizimba umejitafutia barua ya kujieleza. Wewe ulifuga wakati mzazi analipa.

Mkuu Mstaafu
Nilifuga kwa makombo ya jikoni ya bweni, na bweni hata leo linabakiza ugali. Usiisingizie ada.

Mtahiniwa wa Mei
Shikamooni wakubwa zangu. Naomba radhi kwa kuingilia, lakini mtihani wetu umekaribia na mwalimu wetu amehamishwa. Nikishatandaza utumbo na kuchora, mistari ya kuonyesha majina iwe na vichwa vya mishale au isiwe navyo? Na je, naruhusiwa kutia kivuli ili ini lionekane?

Mzee wa Maabara
Marahaba, mjukuu wangu. Usitie kivuli hata kidogo, na mistari ipigwe kwa rula, isikatane, wala isiwe na vichwa vya mishale. Tumia penseli iliyochongwa vizuri na uandike kichwa cha mchoro kinachotaja mnyama, mfumo na upande unaotazamwa. Unapofungua tumbo, inua ukuta wake kwa koleo kabla ya kukata, ncha ya mkasi ielekee juu, la sivyo utatoboa utumbo na kuchora uchafu.

Daktari Mtarajiwa
Mdogo wangu, unasoma tahasusi gani?