Land Rover Series III 109 ya petroli: nawezaje kuirudisha katika hali ya kiwandani nikiwa Lubumbashi?

Mwana wa Kipushi

Wazee wangu na ndugu zangu, nawasalimu kutoka Lubumbashi. Mjomba wangu ameniachia Land Rover Series III ya pikapu, ile ndefu ya inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, yenye usukani upande wa kushoto, ambayo aliinunua katika mnada wa kampuni moja ya madini na kuiendesha kwa miaka mingi kati ya mji na Kipushi. Gari bado linatembea, lakini limebadilishwa mno. Injini yake ya petroli iliondolewa zamani, na mahali pake ikafungwa injini ya dizeli ya Toyota. Wavu wa mbele umeundwa kwa vipande vya nondo, kifundo cha njano karibu na gia hakipo, na rangi nyeupe imepakwa juu ya rangi nyingine kadhaa; pale ilipobanduka, karibu na bawaba za mlango, panaonekana kijani iliyokolea. Nilipoingia chini yake niliona kwamba boriti ya nyuma ya shasi, ile inayobeba ndoano ya kuvutia trela, imeliwa na kutu kiasi cha kupenywa na bisibisi.

Sitafuti gari la kung'arishwa kwa ajili ya misafara ya harusi. Nataka lirudi kuwa lile lililotoka kiwandani Solihull, Uingereza, kwa injini, rangi, vyombo na hata nati zake, kadiri inavyowezekana kwa mtu anayeishi hapa kwetu. Naomba mnieleze nianzie wapi, kama ni lazima dizeli iondoke, na kama vipuri vinavyouzwa Ndola na Kitwe, ng'ambo ya mpaka kule Zambia, vitanifaa. Fundi wa jirani ananishauri tuanze na rangi ili nipate moyo wa kuendelea, nami nasita.

Karakana ya Likasi

Mdogo wangu, umefanya vyema kusita. Anayeanza na rangi ataipaka mara mbili, kwa sababu kazi yote ya kukata na kuchomelea bado iko chini yake.

Kabla ya kununua hata bolti moja, litambue gari lako. Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na katika miaka hiyo mambo kadhaa yalibadilika ndani yake, kwa hiyo huwezi kusema kipuri hiki ni chake na kile si chake mpaka ujue lilitoka kiwandani mwaka gani. Bamba la utambulisho lililofungwa kwa ribiti huweza kuhamishwa kutoka gari hadi gari. Namba iliyogongwa kwenye shasi yenyewe haihami. Itafute mbele, upande wa kulia, kwenye pembe ya shasi inaposhikwa springi. Usiikwangue kwa mashine wala kwa tindo. Ipake mafuta ya taa, iache ilowe usiku kucha, isugue taratibu kwa brashi ya waya ya mkono, kisha weka karatasi juu yake na upitishe penseli kwa ubapa, nayo itajitokeza tarakimu kwa tarakimu. Kwa magari ya miaka ya 1970, namba inayoanza na 914 ni ya 109 ya petroli yenye usukani wa kushoto, iliyojengwa kwa ajili ya nchi za nje. Ukiipata nzima, waandikie watunza kumbukumbu wa British Motor Museum kule Gaydon, Uingereza. Kwa malipo hutoa cheti kinachotokana na madaftari ya kiwanda, na humo utaona gari lilijengwa lini, lilipelekwa wapi, na mara nyingi rangi yake ya kwanza pamoja na namba ya injini. Karatasi hiyo itakuondolea ubishi mwingi na mafundi, kwani kila mmoja atakuambia analijua gari hili kuliko mwenzake.

Baada ya namba, shasi. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, nayo huwadanganya watu: huonekana nzima huku chuma kinachoibeba kimekwisha. Shasi ile ni sanduku refu lililoundwa kwa bamba za chuma zilizochomelewa, na huoza kutoka ndani kwenda nje, hasa kwetu ambako udongo mwekundu huingia kupitia matundu, hukaa humo, na hunyeshewa tangu Novemba hadi Aprili. Chukua nyundo ndogo ugonge shasi yote, kuanzia pembe za mbele hadi boriti ya nyuma, bila kuruka mikono ya pembeni inayobeba bodi. Chuma kizima hulia kwa sauti kali na nyundo hurudi mkononi. Kilichooza hutoa mlio mzito, na unga wa kutu huanguka ndani ukausikia. Weka alama ya chaki kila mahali palipokufa. Boriti ya nyuma na mikono ya pembeni huuzwa peke yake tayari kuchomelewa, kwa hiyo kuoza kwa boriti hakukuhukumu. Endapo hata zile boriti mbili ndefu za shasi zimeoza karibu na vishikio vya springi, hapo utafakari upya, maana viraka juu ya viraka mahali panapobeba mzigo wote ni hatari kwa watu. Wakati wa kukata, gari lishikwe sawasawa juu ya vigingi vya chuma, na upime kwa mshazari kutoka kona hadi kona kabla na baada ya kuchomelea, la sivyo litatembea upande maisha yake yote.

Neno moja zaidi kuhusu zana. Nati nyingi za gari hilo ni za inchi. Spana ya 13 huingia kwenye nati ya nusu inchi na kuonekana inafaa, lakini nusu inchi ni milimita 12.7, na upenyo huo mdogo ndio unaosaga pembe za nati iliyoshikwa na kutu. Kwa ile ya 9/16, spana ya 14 haiingii kabisa, na hapo ndipo watu huchukua tindo na kuharibu nati zilizoishi kwa zaidi ya miaka 40. Watafute wastaafu wa karakana za Gécamines, kampuni ya madini ya serikali; wengi wao bado wana seti za spana za inchi, na pia wana subira.

Mama wa Spea, Kamalondo

Kijana wangu, nami nijibu hilo la Ndola, kwa sababu mimi huvuka mpaka wa Kasumbalesa kwa biashara ya vipuri. Zambia huendesha upande wa kushoto wa barabara, kwa hiyo Land Rover za kule zina usukani wa kulia, na wateja wengi hupoteza fedha kwa kutolikumbuka jambo hilo wakiwa mbele ya bei nzuri.

Injini, giaboksi, ekseli, ngoma za breki, milango na madigadi havijali dereva anakaa wapi; hivyo nunua bila wasiwasi. Sanduku la usukani ni jambo jingine. La kulia na la kushoto hufanana yakiwa mezani, lakini ndani skrubu zake zimekatwa kinyume, na ukifunga lisilo lako, utakata kulia gari liende kushoto. Paipu za breki nazo hukunjwa kwa njia tofauti, na dashibodi ya Series III imeweka saa zake za vipimo mbele ya dereva, si katikati kama ilivyokuwa kwa Series II, kwa hiyo ya Zambia haitakaa kwako. Vitu hivyo viagize moja kwa moja kutoka Ulaya, na katika barua yako andika wazi kwamba usukani uko kushoto, hata kama unadhani muuzaji anajua.

Kwa ekseli ya nyuma, ya kwako inapaswa kuwa ile nzito ya Salisbury, yenye mfuniko wa mviringo uliozungukwa na bolti upande wa nyuma, ambayo 109 zilianza kupewa mwaka 1972. Usikubali kuuziwa ya 88, ile Land Rover fupi ya inchi 88, kwa maneno ya kwamba zote ni moja. Na ule wavu wa nondo usibadilishe kwa wavu wa waya, hata ukiuona mzuri kiasi gani: wa waya ni wa Series II, wa kwako ulikuwa wa plastiki.

Msafiri wa Kundelungu

Nawaheshimu waliotangulia, lakini naona swali la dizeli limepitwa haraka. Injini ya petroli ya gari hilo ni ya sentimita za ujazo 2286, na ilipokuwa mpya ilitoa nguvu za farasi zipatazo 70. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, ambako hewa ni nyepesi, na nguvu hizo hupungua zaidi. Ukipakia mzigo kwenda Kundelungu utapanda kila mlima kwa gia ya pili, huku petroli ikiisha mbele ya macho yako. Dizeli ya Toyota ina vipuri kila mtaa, na kila fundi wa Katuba anaijua.

Tena injini hiyo imekuwa sehemu ya maisha ya gari. Waliolibadilisha walikuwa mafundi wa hapa hapa, waliokosa vipuri na wakalazimika kulifanya litembee. Mimi ningerudisha bodi, rangi na vyombo vya ndani, na injini ningeiacha.

Karakana ya Likasi

Msafiri, ndugu yangu, kama mwenye gari angetaka chombo cha kazi ningesema kama wewe, na mafundi uliowataja nawapa heshima yao yote. Baadhi yao nilifanya nao kazi. Lakini yeye ameomba gari la Solihull. Pia kuna jambo la ufundi. Giaboksi ya Series ilipimwa kwa injini yake dhaifu, na dizeli yenye msukumo mkubwa huichosha, hasa dereva akiwa na haraka. Nina hakika ukiifungua hiyo utakuta meno ya gia yamelika. Halafu, ili dizeli ikae, vishikio vya injini kwenye shasi vilikatwa na vingine kuchomelewa. Hivyo vya asili lazima virudi mahali pake kamili, kwa vipimo utakavyovichukua kwenye gari lingine ambalo halijaguswa. Kazi hiyo ifanyike pamoja na boriti ya nyuma, wakati shasi iko wazi, hata kama injini ya petroli bado hujaipata.

Unapoitafuta, kumbuka kwamba hadi 1980 fimbo-mkunjo (crankshaft) ya injini hii ilishikwa na beringi tatu, na baada ya hapo tano. Kwa nje hutaona tofauti kubwa. Ya beringi tano ni imara zaidi, lakini kwa gari la miaka ya 1970 ya kweli ni ile ya tatu, na kwa lengo ulilojiwekea ningechukua hiyo. Silinda hedi ipelekwe kwa fundi wa mashine abadilishe viti vya valvu za kutolea moshi aweke vya chuma kigumu, kwa sababu injini hiyo ilizaliwa wakati petroli ikiwa na madini ya risasi yaliyolinda viti hivyo, nayo petroli ya namna hiyo iliondolewa katika nchi zetu za kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006. Badiliko hilo halionekani, na sioni kwamba linavunja uasilia wa gari. Dizeli usiiuze mpaka petroli iwe imewaka na kutembea.

Kifundo cha njano ndicho kinachounganisha magurudumu ya mbele: hukandamizwa chini, na springi yake hukirudisha juu wenzo mwekundu ukivutwa kwenye gia ndogo na kurudishwa. Ukikinunua, nunua na springi yake.

Mwana wa Kipushi

Nawashukuru wote, na kwa namna ya pekee Mama kwa onyo la sanduku la usukani, kwani tayari nilikuwa nimelipatia bei Ndola. Nimefuata njia ya mafuta ya taa na penseli: namba inaanza na 914, na mwishoni ina herufi. Barua ya kwenda Gaydon inaandikwa. Dizeli itatoka, ingawa Msafiri amenifanya niamue kuitunza vizuri badala ya kuitupa kwenye vyuma chakavu.

Limebaki swali la bodi. Mahali ambapo madigadi yameshikana na chuma kuna unga mweupe, na aluminiamu imekuwa na vijitundu. Jirani yangu anataka kujaza mastiki.

Mpaka Rangi wa Katuba

Kaka, huo unga mweupe ni aluminiamu yenyewe inayoliwa. Ikigusana na chuma penye maji, aluminiamu ndiyo hujitoa kwanza. Ukijaza mastiki bila kuvitenganisha, itainuka baada ya msimu mmoja wa mvua. Fungua bolti zote, safisha unga mpaka aluminiamu tupu ionekane, kata sehemu iliyotoboka na uweke kipande cha aluminiamu cha unene uleule kwa ribiti au kwa mchomeleaji mwenye mashine ya gesi ya argoni. Unaporudisha, weka utepe mwembamba wa mpira au mastiki laini ya kuziba kati ya metali hizo mbili.

Mabonde yaliyogongwa yainuliwe kwa nyundo ya mbao na mfuko wa mchanga, kwa mapigo mepesi, kwa maana aluminiamu ikipigwa kwa nguvu hutanuka na haitarudi tena. Rangi zote za zamani zitoke kwa dawa ya kubandua, si kwa moto wala kwa diski ya kusagia. Lakini kabla ya kuzitoa, sugua mahali padogo ndani ya kabati la chini ya kiti, ambako wapaka rangi wa baadaye huwa hawafiki, ufikie rangi ya kwanza. Hapo ndipo utakapochukua kipimo cha kijani yako ukisubiri cheti. Praima nyekundu ya chuma haishiki juu ya aluminiamu. Tafuta ile yenye asidi inayoung'ata uso wake, ipake nyembamba, na rangi ifuate siku hiyo hiyo. Bampa ya mbele na zile pembe za chuma zilizochovywa zinki juu ya ubavu wa pikapu usizipake rangi hata kidogo, kwani zilitoka kiwandani zikiwa za kijivu tupu. Kama zinki imekwisha, zichovye upya.