Maji ya nyuzi 9: suti nene ya neoprini au suti kavu?

Mpwani_Edinburgh:
Ndugu wazamiaji, naomba ushauri wenu. Nilijifunza kuzamia Nungwi, ambako suti ya milimita 3 ilinitosha mwaka mzima. Sasa naishi Uskoti, na mwezi Mei natarajia kuzamia kwenye ghuba ya Scapa Flow, kwenye manowari za Kijerumani zilizozamishwa na mabaharia wao wenyewe mwaka 1919. Maji yatakuwa karibu nyuzi 9. Nina suti ya neoprini ya milimita 7 yenye kofia. Je, itanifaa, au nitafute suti kavu, ile isiyoingiza maji kabisa?

Nahodha Mstaafu:
Ndugu yangu, hizo milimita 7 ni za nchi kavu. Kinachozuia baridi katika neoprini ni viputo vya gesi vilivyomo ndani ya mpira, navyo husinyaa kwa shinikizo la maji. Manowari hizo König, Markgraf na Kronprinz Wilhelm zimelala kwenye kina cha mita 40 hivi, ambako shinikizo ni mara 5 ya lile la juu, kwa hiyo suti itakonda pale pale unapoihitaji zaidi. Tena safari za huko kwa kawaida ni mizamo miwili kwa siku, na kuivaa upya suti iliyolowa, sitahani pakivuma upepo, ni adhabu. Tafuta suti kavu.

BintiMvuvi:
Nakubaliana na kaka, ingawa kwa mzamo mfupi wa mita 10 wakati wa kiangazi suti yako bado ina kazi. Fahamu tu kwamba suti kavu ya kitambaa chepesi haina joto lake. Joto ni la nguo za ndani, na pamba isiguse mwili, kwa kuwa hushika jasho. Kagua kwanza mpira wa shingoni na wa vifundoni mwa mikono: ukilegea maji huingia, na wa shingoni ukibana mno unaweza kukuletea kizunguzungu. Mimi huupaka poda, kisha nikaupanua kwa viganja, kamwe si kwa kucha.

Mpwani_Edinburgh:
Ahsanteni sana. Basi naweza kuikodi huko huko na kujifunzia melini?

Nahodha Mstaafu:
Hapana, tafadhali. Suti hiyo huingizwa hewa kutoka kwenye mtungi na kuitoa kwa vali ya begani. Ukiinamisha kichwa, hewa hukimbilia miguuni, na asiyejua kujipindua hupandishwa juu miguu ikitangulia. Pata mafunzo bwawani pamoja na mwalimu, uone pia unahitaji uzito gani wa madini ya risasi kiunoni ili uzame, kisha uzoee kwenye maji mafupi kabla ya Mei. Kununua kunaweza kusubiri.