Mhamiaji akifikishwa hospitali hapa Dodoma anaulizwa kitambulisho kabla ya kuulizwa anaumwa wapi. Hili liishe!

Wakuu, habari za humu.

Uzi huu ni wa hasira na ni mrefu, asiye na muda apite. Unahusu watu wanaoshushwa kwenye malori kati ya Kondoa na Mtera, na unahusu pia vibarua na dada wa kazi wanaotoka mikoa mingine kuja hapa makao makuu. Wote hao wanakwama mahali pamoja: dirisha la mapokezi hospitalini.

Barabara ya Arusha, Babati, Kondoa, Dodoma, Iringa hadi Tunduma ndiyo njia ya Waethiopia wanaokwenda kutafuta maisha Afrika Kusini. Hakuna mtu wa mkoa huu asiyejua. Juni 2012 miili ya watu zaidi ya 40 ilikutwa porini Chitego, wilaya ya Kongwa, baada ya kukosa hewa ndani ya lori. Baada ya msiba mkubwa namna ile ungetegemea kila kituo cha afya kilichoko kando ya barabara hii kiwe na utaratibu wa kuwapokea watu wa aina hii, umeandikwa na umebandikwa ukutani. Badala yake mtu anabebwa hadi mapokezi, midomo imepasuka kwa kiu, anaambiwa alete NIDA, yaani kitambulisho cha taifa. Hana. Namba ya simu? Hana. Mtaa anaoishi? Hana. Bila hivyo faili halifunguliwi, bila faili hakuna namba ya malipo, na bila risiti dawa haitoki. Askari aliyemleta anachoka kusubiri, anamrudisha lokapu.

Msituambie mfumo haukubali. Dereva wa bodaboda aliyegongwa na kuzimia huandikwa "Hajulikani, mwanaume, takriban miaka 25" na anatibiwa hapo hapo. Kwa hiyo inawezekana. Kinachokosekana ni mtu wa kuamua kwamba huyu naye ni dharura. Uamuzi huo ni wa muuguzi wa zamu na daktari wa zamu. Karani hana mamlaka ya kumrudisha mgonjwa, na mganga mfawidhi (mkuu wa kituo) anayemwachia karani kazi hiyo ndiye wa kubanwa kwanza.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Pumzi, mapigo, joto, fahamu na sukari ya kidole vinapimwa KABLA ya jina. Hivyo ni vipimo vya dakika tano. Jina linafuata, na hapo pia watu wanaharibu.

Waethiopia wengi hawana jina la ukoo. Jina la kwanza ni lake, la pili ni la baba, la tatu ni la babu. Ukiligeuza kwa kuweka la mwisho mbele, kesho maabara wataandika vinginevyo na mtu mmoja atakuwa na majibu mawili kwenye mafaili mawili. Andika kwa mfuatano anaoutaja, basi.

Umri ni balaa kubwa zaidi. Kalenda yao iko nyuma ya hii yetu kwa miaka 7 au 8. Kijana akikwambia amezaliwa 2002, kwetu hiyo ni 2009 au 2010. Ukiandika 2002 kama ilivyo umemwongezea miaka, na mtoto anageuka mtu mzima kwa kosa la kalamu. Madhara yake si ya faili tu. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na afisa ustawi wa jamii anatakiwa kuitwa. Kwa kosa hilo la kalenda watoto wanalala mahabusu na watu wazima, na hakuna anayemwita afisa ustawi kwa sababu karatasi inasema 24. Ulizeni mwaka, kisha ulizeni "ni kwa kalenda ya kwenu?" Saa hazina shida: wao huhesabu saa kuanzia alfajiri kama sisi, saa mbili yao asubuhi ni saa mbili yetu.

LUGHA. Hapa ndipo nataka wahudumu wasome taratibu. Wengi wa wanaopita njia hii wanatoka kusini mwa Ethiopia, maeneo ya Hadiya na Kambata. Wapo wanaojua Kiamhari kidogo, wapo wa Kioromo, na wapo wasiojua lolote kati ya hayo. Usidhani kwa kuwa ni Mhabeshi basi ataelewa Kiamhari. Maneno machache tu yakibandikwa mapokezi yanabadilisha kila kitu. Maji kwa Kiamhari ni "wuha", kwa Kioromo "bishaan". Kichwa ni "ras" na "mataa". Tumbo ni "hod" na "garaa". Kifua ni "deret" na "laphee". Kumuuliza mwanaume anaumwa wapi: "Yet new yemiyamih?" kwa Kiamhari, au "Eessatu si dhukkuba?" kwa Kioromo. Akijibu kwa kuonyesha kwa kidole, umeshapata pa kuanzia.

Kwa mahojiano marefu tafuta mkalimani wa simu, weka spika. Na tafadhali, tafadhali sana, msimchague yule mmoja kwenye kundi anayejua Kiswahili au Kiingereza na anayejibu kwa niaba ya wote. Mara nyingine huyo ndiye aliyewekwa na wasafirishaji kuwachunga wenzake. Mbele yake hakuna atakayesema alipigwa, hakuna binti atakayesema alibakwa njiani. Kwanza mtenge, ndipo uulize.

Sasa chakula, maana hapa wema unaua. Kundi limekaa ndani ya lori siku nne, tano, bila kula. Likishushwa, wananchi wenye huruma wanaleta mikate, soda na wali, na askari naye ananunua chips. Mwili uliokaa na njaa muda huo ukipewa wanga mwingi ghafla, madini ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu kwenye damu yanaporomoka, moyo unapoteza mpigo, mtu anavimba, anachanganyikiwa, na anaweza kufa huku tumbo limejaa. Watu wanasema "alikula akafa, atakuwa alilishwa sumu". Hakuna sumu. Ni kasi ya kulishwa.

Aliyekaa siku zaidi ya tano bila chakula anaanza na takriban kilokalori 10 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mtu wa kilo 50 ni 500 kwa siku nzima, yaani vikombe vichache vya uji mwepesi vilivyogawanywa kila baada ya saa mbili au tatu, kisha unapandisha pole pole kwa siku kadhaa. Vitamini B1 itangulie. Ukimtundikia dripu ya sukari kabla ya B1 unaweza kuharibu ubongo wake, hilo liko kwenye mafunzo ya kila mwanafunzi wa utabibu, na bado dripu ya sukari ndiyo ya kwanza kutundikwa kwa sababu "amedhoofu". Sukari ya kidole ikiwa imeshuka kweli, mpe vyote kwa pamoja, usisubiri.

Angalieni pia mkojo. Mtu aliyekaa amebanwa, miguu imekunjwa chini ya wenzake kwa siku nyingi, misuli inakufa na uchafu wake unaziba figo. Mkojo unatoka rangi ya chai kavu. Huyo siyo wa kupewa panadol na kurudishwa mahabusu. Anahitaji maji ya chumvi ya mshipa kwa wingi, kipimo cha figo na potasiamu, na rufaa mapema. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ipo, Hospitali ya Benjamin Mkapa ipo. Umbali si kisingizio kwa aliyeko Dodoma mjini.

Upele: kila wiki mtu mmoja anapakwa dawa, anarudi kwenye chumba kile kile chenye watu thelathini, anaupata tena. Ni kupoteza dawa. Wanapakwa WOTE siku moja, benzili benzoeti ya asilimia 25 kutoka shingoni hadi nyayo, inakaa saa 24, inarudiwa kama mwongozo unavyoelekeza. Nguo na mablanketi yachemshwe, au yafungwe kwenye mfuko wa plastiki wiki nzima.

Kifua kikuu. Kwenye chumba kilichojaa, usisubiri kikohozi kifike wiki mbili ndipo uchukue makohozi. Yeyote anayekohoa apimwe. Dawa hazilipiwi, na dozi ni miezi 6: miwili ya dawa nne, minne ya dawa mbili. Kinachotuangusha ni hiki: mtu anaanza dozi mahabusu, wiki ya tatu anapakiwa kwenye gari la kurudishwa kwao bila fomu ya uhamisho na bila kidonge hata kimoja. Hapo mmetengeneza kifua kikuu sugu kwa mikono yenu wenyewe na kukisafirisha. Uhamiaji na zahanati ya magereza waambiane tarehe ya safari mapema, mgonjwa apewe fomu na dawa za mwezi angalau. Ni simu moja tu!

PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Hii ni karatasi ya ushahidi, wala haikuwahi kuwa tiketi ya matibabu. Majeraha yanashonwa kwanza, PF3 inafuata. Kwa aliyebakwa ni mbaya zaidi, kwa sababu dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema ni bora kuliko saa ya 71. Ukimzungusha kituoni siku mbili akitafuta karatasi, umeshamfungia mlango. Hospitali yenye Kituo cha Mkono kwa Mkono imuunganishe na daktari, polisi na ustawi mahali pamoja.

Malipo kwa ufupi: Sera ya Afya ya 2007 ina misamaha kwa wajawazito, watoto chini ya miaka 5 na wasio na uwezo, na afisa ustawi wa hospitali ndiye mwenye kalamu ya msamaha. Tatizo ni kwamba ofisi yake inafungwa saa tisa na nusu mchana, na lori hushushwa usiku. Kila zamu iwe na mtu aliyekabidhiwa kusaini kwa niaba yake.

Na wa kwetu wa ndani je? Kuli wa soko la mahindi Kibaigwa, fundi wa majengo ya Mtumba, dada wa kazi kutoka Singida aliyeko Ilazo. Huyu ni Mtanzania kamili, ila kadi yake ya kliniki imebaki kijijini. Anaenda kuomba ARV (dawa za VVU) anaambiwa "rudi ulikoanzia ukalete barua ya uhamisho". Nauli anatoa wapi? Anakaa wiki tatu bila dawa. Kliniki ipige simu kule alikoandikishwa, ithibitishe namba ya kadi na aina ya dawa, impe dozi ya siku 30 kama mteja wa mpito, barua ifuate nyuma. Na msimuanzishe upya kama mteja mpya, mnavuruga historia yake ya dawa.

Mjamzito anayefika kliniki peke yake anaambiwa aje na mwenza au alete barua ya mtendaji wa mtaa. Mtendaji naye anasema hamjui, hana mjumbe wa kumthibitisha. Msichana aliyepewa mimba na mwajiri akamfukuza, huyo mwenza amtoe wapi? Apimwe shinikizo la damu, wingi wa damu, kaswende na VVU siku hiyo hiyo. Kumhamasisha mwenza ni jambo jema, lakini kumnyima huduma mama kwa ajili ya mwenza ni ukatili.

La mwisho ni akili, ambalo watu hulidharau. Aliyeona wenzake wakifa ndani ya kontena akikaa kimya, hali, halali, anashtuka mlango ukifungwa, lokapu wanamwita jeuri. Tuko mji mmoja na Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili! Kuomba ushauri wao si kazi.

NYONGEZA, nimeona maswali mawili yanajirudia.

Mdau anauliza kwa nini tuwatibu wahamiaji haramu wakati wananchi wenyewe wanakosa dawa. Ndugu yangu, soma Katiba ibara ya 14: "Kila mtu anayo haki ya kuishi." Ibara ya 17 inayohusu kwenda utakako inasema kila raia. Waliotunga walijua tofauti ya maneno hayo mawili. Na askari anayelinda chumba chenye kifua kikuu jioni anarudi kwa watoto wake Nkuhungu. Kosa la uhamiaji lina mahakama yake, hukumu haitolewi kwenye dirisha la dawa. Na wengine humo ndani si wakosaji hata kidogo, ni wahanga ambao Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008 inataka walindwe.

Mwingine kauliza mwananchi wa kawaida akiwakuta porini afanye nini. Wapeleke kivulini. Maji kwa funda ndogo ndogo, usimwache mtu anywe dumu. ORS pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, au vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vya kufuta juu. Uji mwepesi, si mkate. Aliyezimia mlaze ubavu na usimnyweshe kitu. Piga 112, mwite mtendaji wa kijiji, na 199 ya Wizara ya Afya kwa ushauri, hiyo ni bure. Usiwapakie kwenye gari lako kuwasogeza mbele wala kuwaficha nyumbani, hilo ni kosa kisheria na utaishia ndani nao. Hesabu wako wangapi, andika saa uliyowakuta na nani hakuweza kusimama, umpe karatasi hiyo muuguzi mkononi.