Nta, lami au epoksi chini ya gari la zamani? Fundi anasubiri jibu

Pekupeku
Wakuu habari za muda huu. Nina gari la zamani nalipenda sana, liko kwa fundi wa bodi na kashaniambia nichague mwenyewe apige nini kwa chini ili kutu isirudi. Kanipa machaguo matatu, lami ile nyeusi nzito, epoksi ile rangi ya kuchanganya na kigumishi, au nta ya kupuliza. Yeye anavutia kwenye lami, anasema ukishapiga umemaliza hugusi tena. Mtandaoni kila mtu ana lake mpaka kichwa kinauma. Anataka jibu kabla ya Jumatatu. Kipi kizuri?

SpanaKumi
Mkuu umeingia duka la dawa umesema "nipe dawa". Gari gani, la mwaka gani? Chuma kimevuliwa rangi yote au bado? Kutu iko wapi hasa? Kuna vipande wamechomelea? Linalala ndani au nje, karibu na bahari au mbali? Jibu hayo kwanza.

NtaTu
Nta. Tufunge uzi.

Pekupeku
Samahani nilikuwa na haraka. Ni Volkswagen Beetle ya 1969. Linalala nje chini ya turubai. Kutu ipo kidogo tu kwa chini.

SpanaKumi
"Kidogo tu kwa chini" 😂😂 hayo ndo maneno ya kila mwenye Beetle. Fanya hivi, chukua bisibisi ulale chini, anza kugonga hita chaneli, yale maboksi mawili yanayopita pembeni chini ya milango. Halafu ng'oa kiti cha nyuma uangalie chini ya betri, upande wa kulia, hapo asidi huwa imeshafanya yake. Halafu pale pa kuwekea jeki, na lile shimo la tairi la spea kule mbele. Bisibisi ikizama hapo hakuna cha nta wala lami, ni kukata na kuchomelea. Na rangi ikiwa na malengelenge ujue mara nyingi kutu inatoka ndani kuja nje sio nje kwenda ndani. Pita na sumaku pia, isiponasa hapo kuna puti, ile ya kuziba mashimo.

MzeeKarbureta
Nyie vijana mnapenda sana kununua makopo. Oili chafu. Unachanganya na grisi kidogo iwe nzito, unapuliza chini yote, unaendesha barabara ya vumbi ili lishike. Mimi nimefanya hivyo tangu enzi hizo na gari bado lipo.

DadaRiveti
Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, hapo sikubaliani na wewe. Oili ikishatumika kwenye injini ina tindikali na masizi, na inakula mpira, kwa hiyo bushi na mipira ya breki unaiharibu taratibu. Bado haijadondoka kwenye udongo ikaenda kwenye maji ya watu. Ikirukia kwenye ngoma za breki ndo balaa zaidi.

MzeeKarbureta
Marahaba mwanangu. Sasa hiyo tindikali mbona haijala gari langu?

Chumachakavu
Mzee labda lako unalipuliza kila mara kwa hiyo hewa na maji havipati nafasi, hiyo ni kweli inasaidia. Ila ukitaka mafuta yasiyokauka si bora lanolini, inatoka kwenye sufi ya kondoo, kazi ni ileile bila uchafu wa injini. Ubaya wake inaoshwa na maji, lazima urudie kila mwaka, na baadhi ya raba inazivimbisha, so usipulize ovyo.

NtaTu
Lanolini inanuka. Nta.

DadaRiveti
Kuhusu lami acha niwaeleze mtanisamehe ni ndefu. Beetle yangu ya kwanza niliinunua kwa sababu ya chini yake. Kweli kabisa. Niliiangalia ikiwa juu ya lifti, nyeusi tii, inang'aa, hakuna hata doa, na muuzaji akatoa risiti ya gereji kwamba imepigwa kinga ya kutu kamili. Nikalipa. Baadaye nikapata pancha, nikatoa jeki nikaichomeka mahali pake pembeni, nazungusha, nazungusha, tairi haliondoki chini. Kuinama kuangalia, jeki inapanda peke yake, gari liko palepale. Imeshatoboa hita chaneli inaingia ndani. Nikapeleka kwa fundi mwingine tukaanza kuibandua ile lami, tunaipasha joto tunaikwangua, inatoka vipande vipana na kila kipande kimebeba kutu mgongoni, ile kutu ya matabaka, na kwingine unyevu bado upo. Chini kabisa tukakuta matope. MATOPE! Walipuliza juu ya matope, hata kuosha hawakuosha. Vile vitundu vya kutolea maji chini ya milango wameviziba vyote, kwa hiyo maji ya mvua yanayopita kwenye kioo yalikuwa yanaingia ndani ya mlango yanakaa humo. Sakafu zote mbili nilibadilisha, hita chaneli zote mbili, na milango nikakata kwa chini nikachomelea upya. Nilivyowarudia wale wa gereji wakaniambia risiti haina jina langu. Kwa hiyo fundi akikwambia "ukishapiga umemaliza hugusi tena", kimbia.

Pekupeku
Daah pole sana dada. Sasa mbona fundi wangu anaisifia hivyo?

DadaRiveti
Kwa sababu inaficha kazi yake.

Chumachakavu
Tusimseme vibaya mtu tusiyemjua. Lami ina kazi yake, inazuia mawe yanayorushwa na tairi na inapunguza kelele. Shida yake ikizeeka inakuwa ngumu, inapata nyufa, maji yanapita kwenye ufa yanakaa nyuma yake na wewe kwa nje unaona nyeusi safi tu. Kutu inahitaji chuma, oksijeni na maji, chumvi ikiongezeka inakimbia zaidi, na nyuma ya lami iliyopasuka vyote vipo. Sasa kwenye swali lako, fundi kakupa vitu vitatu kana kwamba vinashindana, na hapo ndo mimi nina tatizo naye. Epoksi ni ya chuma kilicho wazi ambacho mkono unafika: sakafu, ndani ya madigadi. Inataka chuma safi, kipigwe mchanga au msasa mpaka kiwe cheupe, ufute mafuta, uchanganye na kigumishi chake kwa kipimo sahihi. Jua haiipendi, kwa hiyo panapoangaza lazima rangi ipite juu. Ila ndani ya hita chaneli utapakaje? Huwezi. Huko ndo kwa nta, inatambaa yenyewe kwenye maungio ya bati ambako hakuna brashi itakayofika. Utaratibu: kuchomelea kwanza, epoksi, silanti ya kuziba maungio, rangi, rangi ikauke kabisa, nta iwe ya mwisho. Ukitanguliza nta halafu mtu aje na moto wa kuchomelea, inawaka.

NtaTu
Hatimaye mtu mwenye akili.

Chumachakavu
Sijasema nta peke yake. Nta bila epoksi kwenye chuma kilichovuliwa rangi ni kujidanganya, mawe ya barabarani yataikwangua yote.

NtaTu
Nimepiga nta nje na ndani na hakuna lililokwanguliwa. Sema nyie mnapiga nyembamba kwa kubania.

KingaNdogo
Jamani vipi zile dawa za kugeuza kutu kuwa nyeusi? Nimeona zinapakwa kwa brashi tu, husugui sana.

SpanaKumi
Zipo zenye asidi ya fosforiki na zenye tanini, zote zinaigeuza kutu iwe kitu kingine kisichoendelea kula haraka. Zinafaa pale ambapo umeshakwangua na imebaki ile kutu nyembamba kwenye vijishimo. Ukipaka juu ya kutu nene ya matabaka inageuka ngozi ya juu tu, chini inaendelea. Watu wanazipenda kwa sababu wanachukia brashi ya waya.

Volti6
Naomba niulize kitu tofauti kidogo. Kuna kale kaboksi unakafunga kwenye betri kanatuma umeme kwenye bodi kuzuia kutu. Hakuna kunyunyiza wala kuvua rangi. Kuna mtu katumia?

Chumachakavu
Umeme wa kuzuia kutu upo kweli, unatumika kwenye meli na mabomba yaliyozikwa ardhini. Ila huko chuma kimezama kwenye maji au udongo wenye unyevu, umeme una njia ya kupita kutoka kwenye anodi, kile kipande kinachoutoa, mpaka kwenye chuma chote. Gari liko hewani. Tone moja la maji ndani ya mlango halina uhusiano na kaboksi kako kule kwenye betri.

Volti6
Lakini kuna watu wanaouza wameonyesha majaribio mkuu, bati mbili, moja ina kutu na nyingine safi.

Chumachakavu
Bati zilikuwa ndani ya ndoo ya maji ya chumvi?

Volti6
...ndio

Chumachakavu
Haya basi.

KingaNdogo
Na kuchovya bodi nzima kwenye zinki iliyoyeyuka? Si ndo mwisho wa matatizo? Audi 80 ile ya 1986 bodi yake yote ni bati la zinki na mpaka leo unaiona haina kutu.

SpanaKumi
Wale walitumia bati lililopakwa zinki kiwandani, sio gari lililokwisha kuundwa kuja kuchovywa. Zinki ya kuchovya iko kwenye nyuzi 450 hivi, chesisi nene ya Land Rover inavumilia na watu wanachovya sana, ila boneti ya Beetle itarudi imepinda na hutaamini ni yako. Na maboksi yaliyozibwa yakiingia humo bila matundu ya hewa yanaweza kupasuka. Kama mnataka zinki, ipo praima, ile rangi ya kwanza, yenye zinki nyingi, unapaka moja kwa moja kwenye chuma kilicho wazi ili zinki ianze kuliwa yenyewe kabla ya chuma. Ukiipaka juu ya rangi hujafanya chochote. Na bati lenye zinki ukilichomelea saga zinki kwanza, ule moshi wake unaleta homa.

MzeeKarbureta
Mimi bado nasubiri mtu anionyeshe gari lililokufa kwa oili chafu.

DadaRiveti
Mzee wangu 😄

Pekupeku
Nimerudi. Nimeenda kwa fundi na bisibisi. Hita chaneli ya kulia iko ngumu, ya kushoto bisibisi imezama mara mbili kwa mbele, pale pa kuwekea miguu. Fundi anasema hapo atajaza foamu ile ya kuvimba halafu apige lami, haitaonekana.

DadaRiveti
USIKUBALI

SpanaKumi
Foamu inanyonya maji na kuyashikilia humohumo kwenye chuma. Baada ya hapo hata nta haipiti tena. Na hita chaneli ndo inabeba uzito wa pembeni, sio pambo. Mwambie akate. Kabla hajakata afunge milango na aweke vyuma vya kushikilia uwazi wa mlango, la sivyo bodi ikilegea milango haitafunga tena sawasawa.

KingaNdogo
Hita chaneli za nini hasa kama mtu hatumii hita? Si aweke tu boksi la chuma nene hapo.

SpanaKumi
Atakuwa amepoteza uhalisia wa gari. Mtu akija kununua anaangalia hapo kwanza.

KingaNdogo
Nani kasema anauza? Gari la kutembelea sio la makumbusho. Mnapenda kuabudu sana uhalisia.

NtaTu
Boksi nene bila nta litaoza vilevile, litachelewa tu.

SpanaKumi
Hakuna aliyeabudu. Hewa ya kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele inapita humo. Na kama halisi zinapatikana kwa nini uunde?

Chumachakavu
Pekupeku kabla hawa hawajamaliza, ile turubai nayo itoe. Hewa isiyozunguka inabaki na unyevu chini yake, na chuma kinapenda hewa kavu, unyevu ukizidi asilimia 60 hivi kutu inashika kasi. Bora paa lililo wazi pembeni. Na hujajibu kuhusu bahari.

Pekupeku
Bahari iko karibu, upepo unafika. Sikujua ni muhimu.

SpanaKumi
😂😂😂 hilo lilitakiwa kuwa sentensi ya kwanza.

Chumachakavu
Basi chini paoshwe kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara, hasa ndani ya madigadi, na uache pakauke kabla ya kulala. Hiyo ni ya bure na inashinda nusu ya makopo yote.

Pekupeku
Asanteni. Fundi kakubali kukata kushoto ila kuhusu lami bado anabisha, anasema magari yote aliyopiga hajawahi kuona yamerudi.

DadaRiveti
Langu halikurudi kwake pia. Lilienda kwa mwingine.

MzeeKarbureta
Akinyanyua bodi kutoka kwenye sakafu mwambie asiirudishe bila ile raba inayokaa kati ya bodi na sakafu. Mpya. Ile ya zamani ikitumika tena maji yanaingia siku ya kwanza.

KingaNdogo
Mzee ile raba unaiwekea silanti au kavu? Mimi yangu ilivuja.

MzeeKarbureta
Kavu. Ila boliti zake zipake grisi.

NtaTu
Au nta.

Volti6
Samahani natoka nje ya mada, kuna mwenye betri ya volti 6 nzima? Ya kwangu ya Beetle ya 1965 imekata kamba.

SpanaKumi
Fungua uzi mwingine Volti. Na useme iko katika hali gani, sio kama huyu.