Nimepata samansi ya ushahidi, mama wa mshtakiwa kaniletea kanga

Mamalishe_Kijichi: Wapendwa, mimi nauza supu na chapati hapa Kijichi, saa tisa usiku nakanda unga. Mwezi wa tano niliona vijana wawili wanamkata panga dereva wa bodaboda, wakaondoka na pikipiki. Taa ya duka ilikuwa inawaka, mmoja nikamtambua: mtoto wa mtaa wa nyuma, chapati zangu kala tangu yuko darasa la pili. Polisi nikaandikisha maelezo, nikadhani yameisha.

Juzi kaja askari na samansi, nifike mahakamani tarehe 14. Jana magharibi kaja mama wa yule kijana. Hakunitisha. Kakalia ndoo yangu, kalia weee, kisha kaniachia doti ya kanga na elfu hamsini ndani. "Mzazi mwenzangu, sema umeme ulikuwa umekatika." Leo wajomba wawili wamekunywa supu bila neno, wananiangalia tu.

Naweza kujitoa?

Babu_Chamazi: Safiri mpaka tarehe ipite. Hakimu haishi mtaani kwenu.

Shahidi_wa_Tatu: Shikamoo babu, lakini hapo unamponza. Dada, ukiikimbia samansi unaweza kutolewa hati ya kukamatwa wewe. Na kujitoa huwezi, maana kesi si yako wala ya yule dereva, ni ya Jamhuri. Mimi nimepita humo humo, kesi ya unyang'anyi.

Kanga irudishe leo hii, mjumbe akiwepo. Ukikaa nayo, umepokea hela ya kuficha ushahidi. Kisha mtafute mpelelezi, aandike maelezo ya nyongeza juu ya mama na wajomba. Kuna Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015, ulinzi unaombwa. Usitegemee askari wa kulala mlangoni kwako. Mimi nilipewa namba ya mkuu wa kituo na doria ikawa inapita, nikapata usingizi.

Siku yenyewe usikae benchi la nje. Mimi nilikaa goti kwa goti na shangazi wa mshtakiwa tangu saa mbili hadi saa sita, halafu kesi ikaahirishwa! Mara ya pili nikanyoosha kwa wakili wa serikali, nikasubiri ofisini kwake. Nauli ya shahidi idai. Yangu ilikuja nimeshaisahau.

Kaka_wa_Majeruhi: Yule dereva alichukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu? Ndiyo daktari anajaza majeraha, na haiuzwi, asidanganywe. Amwambie pia wakili wa serikali aombe fidia. Mshtakiwa akitiwa hatiani, mahakama inaweza kumwamuru alipe. Sisi hatukuomba, hakuna aliyetuambia.

Mamalishe_Kijichi: Nimeirudisha. Mjumbe kahesabu noti mara mbili. Mama yule hakupokea kwa mkono, kasema iweke kwenye mkeka. Mpelelezi kanipangia kesho saa nne, nikishamaliza supu. Wajomba wakija nitawauzia, ila kukopa basi.